Tulinunua Gari la Mtoto, Kumbe ni la Kuolea

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka arobaini na miwili, ninauza vikwembe, yaani vitenge, katika soko la hapa Bunia, na nimewahi kuitwa dada na mume wangu wa ndoa, mbele ya watu, mvua ikininyeshea... Msinihurumie bado. Someni kwanza.

Mimi ni mzaliwa wa Butembo. Niliolewa na Faustin, mtoto wa hapahapa Ituri, mwalimu wa sekondari, mtu wa shati lililopigwa pasi na Kifaransa kingi mdomoni. Tuna watoto wanne. Wa mwisho ni Plamedi, msichana wa miaka tisa, na habari hii ya gari ilianza kwa sababu yake.

Plamedi ana ugonjwa wa damu, ule wanaouita SS, selimundu. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo amekwisha kunielewa. Baridi ni adui yake, mvua ni adui yake. Akinyeshewa tu, mifupa inaanza kumuuma, naye analia mpaka sauti inakauka. Na hapa Bunia tunasafiri kwa nini? Kwa taksi-moto, pikipiki za abiria! Kila msimu wa mvua nilikuwa namfunga mwanangu kwa plastiki, kama mtu anayefunga mkate, nampakata kwenye moto na kumwomba Mungu mawingu yasubiri.

Nikaamua nyumba yangu iwe na gari. Si gari la kutambia majirani. Gari dogo, la mtumba, lisilokunywa mafuta mengi, lenye nafasi ya watoto wote, na paa la kumkinga Plamedi. Hata likiwa na sura nzuri kidogo sikukataa, mimi ni muuza nguo, napenda kitu kinachopendeza. Ila paa kwanza!

Kina mama wa sokoni tuna likelemba yetu, ule mchango ambao kila mmoja anapewa fungu lote zamu yake ikifika. Zamu yangu ilipofika sikununua kiti wala televisheni. Niliongeza na akiba yangu ya vikwembe, nikasema hii ni ya gari.

Haohao kina mama walinifundisha kipimo. Chukua lile bidoni la njano la kuchotea maji, lilaze chali, lisukume chini ya gari. Likipita, gari hilo linafaa kwa barabara za Bunia. Likikwama, hilo ni gari la kupigia picha. Nami nilibeba bidoni langu kichwani mpaka uwanja wanakouzia magari yanayotoka Uganda. Vijana walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikawaacha wacheke.

Nikaliona. Lilikuwa la kijivu, limeinuka kidogo, injini yake ndogo, kiti cha nyuma kipana. Halikuwa na urembo wa kumfanya mtu ageuke, lakini lilikuwa safi. Bidoni likapita chini yake bila kugusa! Nilikaa kiti cha nyuma nikafunga mlango, nikamwona Plamedi wangu pale, mkavu, na begi lake la shule mapajani.

Basi nikamwendea muuzaji. Huku kwetu mwanamke hata akiwa ndiye mwenye pesa, bei ya gari inazungumzwa na mwanaume, na ufunguo unawekwa mkononi mwa mwanaume. Muuzaji hata hakuniangalia vizuri. "Mama, tuma muzee aje. Njo tutasikilizana na yeye."

Nikamtuma muzee. Nilimtuma fisi bucha, wasomaji wangu!

Faustin alirudi na gari jeupe, limelala chini kama bata anayeatamia, rimu zinang'aa, vioo vyeusi, viti vyekundu. Nyuma watoto wawili wakikaa, wa tatu anakaa juu ya magoti ya Mungu. Nilileta bidoni langu pale uani mbele yake. Halikuingia hata mdomo. Unajua alisema nini huyo mwalimu?

"Mama Plamedi, weye unajua nini mu mambo ya gari? Siye tuko batu ba kiwango. Ile ya kijivu iko gari ya kubeba mihogo."

Nikamuuliza habari ya mafuta. Akacheka kwa dharau. "Hii inakunywa? Hii inalamba tu!"

Inalamba... Ililamba sukari ya nyumbani, ikalamba sabuni, ikalamba viatu vipya vya shule. Mume wangu alilifuta gari kila asubuhi kwa fulana ya mtoto wake mwenyewe, akilizunguka huku akijitazama kwenye kioo. Na Plamedi? Plamedi aliendelea kupanda moto! Kukiwa na jua, baba yake alisema vumbi la miguu yake litachafua viti. Kukiwa na mvua, alisema matope yatalikwamisha gari. Sasa niambieni, gari lisilotembea juani wala mvuani ni gari au ni bibi harusi?

Kumbe nilikuwa nimejibu swali langu bila kujua.

Siku moja akaja na habari kwamba Bosco, mdogo wake, anakwenda kutoa mahari. Nilifurahi! Bosco alikuwa amezeeka kwenye ujana. Hapa kwetu mahari inakwenda na msafara: magari yamefungwa riboni, honi mji mzima, na wakirudi na bibi harusi kila mtu anatoka barabarani kuangalia. Gari letu ndilo litakaloongoza, akasema. Na kwa desturi, kikwembe cha mama wa msichana huchaguliwa na mwanamke wa upande wa mwanaume. Nani mwingine kama si mimi, mwenye meza sokoni?

Nilichagua kile kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, cha buluu chenye ndege wa njano. Nilimwuliza Faustin kama kitamfaa yule mama. Alikishika, akakipapasa, akaniambia, "Njo hiki. Weye unajua mambo ya heshima."

Jumamosi ya msafara, asubuhi, nililiosha gari kwa mikono yangu. Nikafunga riboni nyeupe na za rangi ya chungwa kuanzia kwenye vioo mpaka puani, nikaweka na ua la kitambaa katikati. Majirani walinisifu, na wazee wa ukoo niliowapa chakula kabla ya safari wakanisifu pia. Nikanyoosha na kola ya shati la mume wangu! Nilitaka kwenda nao, akanizuia kwa upole kabisa. "Ubaki na mutoto. Tunaenda banaume tu na bazee." Nikawaombea safari njema, nikawapigia na vigelegele.

Ndiyo. Nilivipiga mwenyewe, na vilisikika mpaka barabarani.

Mchana mvua ikaanguka, ile ya Bunia isiyobisha hodi. Plamedi akaanza kulalamika mguu, halafu mgongo, halafu kifua. Macho yakawa ya njano. Nikampigia baba yake simu. Ikaita. Nikapiga tena, ikazimwa. Si kwamba haikupatikana... ilizimwa! Nikamfunga mtoto kwa plastiki, nikasimamisha moto, nikamwambia dereva atupeleke hospitali.

Tulipofika kwenye mteremko wa Mudzipela nikasikia honi nyingi. Msafara wa harusi umesimama, na mbele kabisa gari jeupe limekalia tumbo kwenye matope, magurudumu yanazunguka hewani. Nikaziona riboni. Zangu! Wasomaji, mnajua nilisema nini? Nilisema, "Asante Yesu, gari letu!" Nilidhani mtoto wangu amepona.

Nikashuka. Bosco, yule niliyeambiwa ni bwana harusi, alikuwa ameshika usukani. Nyuma ya gari mtu alikuwa anasukuma, koti jeupe, ua kifuani, viatu vyeupe vimezama kwenye tope mpaka kwenye kamba. Akainua uso.

Faustin.

Ndani, kiti cha mbele, msichana wa dantela, gauni la lesi, na shela. Nyuma yake mama mmoja wa makamo, amejifunika kwa baridi kikwembe cha buluu chenye ndege wa njano...

Mtu akiwa na mtoto mgonjwa kifuani hana nafasi ya kuzimia. Nilisema tu, "Baba Plamedi, fungua mulango. Mutoto anakufa."

Alinitazama. Akawatazama wale wanawake ndani ya gari. Mwanaume mzima, mwalimu wa watoto wa watu, mshiriki wa meza ya Bwana, akafuta mdomo na kusema kwa sauti ya kirafiki: "Iko dada yangu. Dada yangu wa Butembo. Dada, endelea na moto, tutaonana kule kwa hospitali."

Dada! Miaka yote hiyo ya kuzaa naye, kumfulia, kumlisha mishahara yake inapochelewa!

Aliyejibu ni Plamedi. Aliinua kichwa kutoka kwenye plastiki, akasema neno moja tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Papa..."

Yule msichana wa dantela, nilikuja kujua anaitwa Solange, alimwangalia mtoto, akamwangalia Faustin. Paji la uso ni lilelile, hata kipofu angelipapasa akalijua. Akafungua mlango, akashuka na viatu vyake vya harusi kwenye tope.

"Yaya," akaniambia, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, "ingiza mutoto. Gari iko ya mutoto."

Nikamlaza Plamedi kwenye kile kiti chekundu. Alikuwa hajawahi kukikalia. Bosco akakanyaga mafuta, moshi ukatoka, tope likaruka na kumpaka bwana harusi kutoka ua mpaka meno. Gari halikusogea. Wazee na vijana wakasukuma, halikusogea! Lilikaa pale juu ya tumbo lake, limependeza, lina riboni, na halina faida yoyote duniani. Nikalikumbuka bidoni langu, nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Nikamtoa mtoto. Yule dereva wa moto alikuwa bado anatusubiri. "Mama, leta mutoto, twende." Tukaenda na mvua yetu.

Plamedi aliongezewa damu. Mungu alimrudisha. Faustin hakuonekana hospitali siku hiyo. Solange ndiye aliyekuja, amevaa nguo za kawaida, macho yamevimba, pamoja na mama yake. Alisimama mlangoni kwa aibu ambayo haikuwa yake.

"Yaya, aliniambia bibi yake alishakufaka."

Kisha akafungua kiganja. Ulikuwa ufunguo wa gari. Aliuchomoa palepale mteremkoni, wakaondoka yeye na mama yake kwa miguu, wakawaacha wanaume na honi zao. Mbuzi wa mahari hawakurudishwa. Mama yake alisema ni faini ya uongo, na mimi nilisema amina. Alitaka kunirudishia kikwembe, nikakataa. Akivae. Katika harusi yote ile ni yeye na binti yake tu waliostahili heshima.

Halafu wakaja wazee wa ukoo, Faustin amejificha nyuma yao kama mtoto aliyevunja sahani. Wakaanza: mwanaume ni mwanaume, mama uvumilie, nyumba haibomolewi kwa siku moja. Nikawauliza swali moja tu: ninyi si ndio mliokuwa kwenye gari la pili? Si ndio mliopokea chakula changu asubuhi ile, mkanisifu riboni? Wote wakatazama sakafu ya hospitali, kama vile kuna aliyeangusha senti. Wazee! Na mvi zao!

Gari jeupe nililiuza. Mnunuzi alikuwa kijana asiye na mke wala akili, anafanana nalo. Nikarudi uwanjani na bidoni langu. Lile la kijivu lilikuwa limekwisha kwenda, nikapata jingine la kijani kizee, baya kwa sura, lakini bidoni lilipita na kurudi. Muuzaji akaanza wimbo wake wa nitume muzee. Nilimwambia muzee ndiye mimi, na ufunguo auweke hapa. Akauweka. Nikajifunza kuendesha, watu wakinicheka, na taratibu wakachoka.

Kina dada zangu, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mkitafuta gari, kaeni kiti cha nyuma na watoto wenu kabla ya kutazama rangi. Lazeni bidoni. Mtu akiwaambia gari linalamba tu, mwulizeni ni nani atakayelambwa. Na pesa yenu msiikabidhi kwa mkono mwingine kwa sababu tu desturi inasema mkono wa mwanamke haupokei ufunguo. Unapokea! Mimi wangu umewahi kumpokea mtoto wa jirani akizaliwa, ushindwe na kipande cha chuma? Msingoje mpaka mfunge riboni kama nilivyofunga.

Juzi mvua ilinyesha tena. Nilikuwa natoka kumchukua Plamedi shuleni, amekaa mbele, mkavu, anakula ndizi. Karibu na rond-point, ule mzunguko wa barabara, mtu alikuwa amejibanza chini ya kibaraza cha duka, viatu vyake vilikuwa vyeupe zamani. Akapunga mkono. Plamedi akaniambia, "Mama, ule iko papa." Nikasimama. Tangu tuachane watoto humwona kila Jumapili, siwanyimi baba yao. Nikashusha kioo.

"Mama Plamedi, unisaidie. Mvua iko kali."

Nilimwangalia vizuri, yule mtu wa kiwango.

"Kaka," nikamwambia, "gari imejaa."

Nikapandisha kioo, tukaondoka. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na bidoni la njano peke yake.