Aliyekaa Ndani ya Shaba

Koki kuu ilikuwa imefungwa tangu saa mbili asubuhi, na mita ilikuwa imesimama. Hata hivyo, Ondoga alipoweka kiganja juu ya bomba la shaba nyuma ya nyumba ya Sidonie, alilikuta lina joto kama shingo ya mtu mwenye homa. Akaondoa mkono. Akaurudisha. Chini ya vidole vyake kitu kilipiga taratibu, kikanyamaza, kikapiga tena.

"Ni jua," alijiambia, ingawa ukuta ule ulikuwa bado kivulini.

Hiyo ilikuwa nyumba ya kumi na nne, na ya mwisho, kwenye mteremko ule wa mtaa wa Awindiri. Mabomba ya shaba yaliyolazwa humo enzi za babu zao yalikuwa yametoboka, maji yakiishia ardhini kabla ya kufika juu. Mkandarasi alikuwa amemwajiri Ondoga pamoja na shemeji yake Aliga, mume wa dada yake Drateru, wayang'oe yote na kuweka ya plastiki. Ondoga alikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi ya mabomba, na hakuna bomba lililowahi kumtisha.

Sidonie alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kitenge. Alikuwa mama wa Kikongo, mwuza vitenge, aliyevuka mpaka akanunua nyumba hiyo miaka kumi na mmoja iliyopita.

"Fundi, yote badilisha," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini hii kipande ya kuingia kwa ukuta, wacha."

"Mama, hii ndiyo imeoza kushinda zingine. Maji iko napotea hapa."

"Wacha ipotee." Alilitazama bomba kama mtu anayechelea kumwamsha mgonjwa. "Ile bibi ya kuniuzia nyumba alinifundisha. Kila asubuhi, kikombe ya kwanza namwaga chini, nasema, jambo, mwenyeji. Tangu hapo iko kimya. Fundi, ndani iko mutu."

Aliga aliangua kicheko. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mtu wa kuchekesha msiba.

"Kama iko mutu, atoke atusaidie kuchimba!" akasema, akachukua msumeno.

Ondoga angeweza kumzuia. Lakini mkandarasi alikuwa anakuja mchana kukagua, na mtu mzima atasemaje mbele ya watu kwamba bomba lina mapigo ya moyo? Akasogea pembeni, akampisha.

Msumeno ulipopenya, maji hayakutoka. Ilitoka pumzi, ndefu na vuguvugu, yenye harufu ya nywele zilizoungua, ikampiga Aliga usoni hadi akafumba macho. Sidonie alifanya ishara ya msalaba, akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Saa tisa wakafungulia maji kwenye bomba jipya la plastiki. Aliga akaonja kwanza, kama kawaida yake, akakinga viganja na kunywa. Kesho yake alifika kazini sauti imekwaruza. Siku ya tatu haikuwapo kabisa. Daktari alimmulika kooni, akaminyaminya shingo, akasema haoni kidonda wala uvimbe.

Siku ya nne Drateru alimjia kaka yake mbio, miguu mitupu. Aliongea Kilugbara, lugha ya kwao, kwa kunong'ona, kana kwamba kuna mtu nyuma yake.

"Kaka, nimemwacha mume wangu kitandani. Mikono yake ni baridi, hata kikombe hawezi kushika."

"Nitakuja kumwona."

"Sikiliza kwanza. Nimepita kwa yule mama wa Kikongo kuchukua koti la kazi la Aliga. Kaka, nimemsikia mume wangu huko. Anaongea ndani ya bomba."

Walipanda kilima jua likiwa utosini. Hakuna aliyekuwa anachota maji. Majirani walikuwa wamesimama milangoni na jerikeni tupu, na mbwa wa nyumba ya chini alikuwa amejibana ukutani akitetemeka. Sidonie aliwaonyesha jikoni kwa kidole, yeye mwenyewe akabaki uani. Harufu ile ya nywele zilizoungua ilikuwa imejaa mle ndani, na bomba lilikuwa likidondosha tone, kisha tone, kisha tone, na kati ya tone na tone Ondoga akasikia mtu akivuta pumzi, akapiga hatua moja, na hapo ile sauti ambayo alikuwa ameicheka na kuizoea kwa miaka tisa, sauti ya shemeji yake mwenyewe, ikatoka kwenye tundu jembamba la bomba hilo kwa upole ambao Aliga hakuwahi kuwa nao, ikasema, "Drateru, njoo unifungulie kidogo, mama, nimechoka kukaa wima."

Drateru alinyoosha mkono. Ondoga aliudaka, akamburuta dada yake nje.

Sheikh Hakimu, Mnubi aliyejulikana mjini kwa kazi ya kufukuza majini, alifika alasiri kwa boda, akikohoa. Hakuwa na haraka ya kuingia. Alisimama kizingitini akasoma aya, akasikiliza, akasoma tena, na jasho likamtiririka hadi kwenye ndevu. Aliga alikuwa ameletwa, akalazwa uani juu ya mkeka, midomo imekuwa ya kijivu.

"Mulivunja nyumba yake," Sheikh alisema. "Huyu ni jini ya shaba. Kwa plastiki hakai. Anataka kuhama, lakini hatoki mikono mitupu."

"Anataka nini?" Ondoga aliuliza.

"Sauti. Ya huyu amechukua, na roho iko nafuata nyuma. Jua ikizama, imekwisha. Atarudisha kama mutu mwingine atatoa yake, kwa kupenda."

Drateru aliinuka. Ondoga alimshika bega, akamkalisha.

"Siku ile nililigusa lile bomba," alimwambia kwa Kilugbara. "Nilijua, nikanyamaza. Hili ni langu."

Aliingia peke yake. Alipiga magoti, akaweka midomo kwenye bomba lile la maji, akatamka jina lake mwenyewe mara tatu kama Sheikh alivyomwelekeza. Mara ya tatu halikutoka lote. Kitu baridi kama kidole cha maiti kilimshuka kooni, kikatafuta, kikapata. Bomba likanguruma ukuta mzima, likatapika maji meusi, kisha maji meupe.

Nje, Aliga alikaa na kumwita mkewe kwa sauti kubwa.

Ondoga alifungua kinywa amshukuru Mungu. Hakukutoka kitu.

"Amekwenda," Sheikh alisema, akikusanya vitu vyake upesi.

"Amekwenda wapi?" Drateru aliuliza. Lakini mzee alikuwa amekwisha kupanda boda.

Miezi minne ikapita. Ondoga alizoea kuandika kwenye daftari dogo, na Aliga akawa mdomo wake kila walikokwenda. Mkandarasi alipopata kazi nyingine katika mji wa Koboko, nyumba saba za mlimani zenye shaba ya zamani, aliwachukua wote wawili. Ondoga alikubali kwa kutikisa kichwa. Fundi ni mikono.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mjane aliyeitwa Mama Jale. Aliwapokea kwa furaha, akawaita ndani kabla hawajashusha vifaa.

"Karibuni, karibuni. Mwenzenu alifika tangu asubuhi. Iko kwa jiko, tunaongea vizuri tu, lakini hataki kutoka nimuone."

"Mwenzetu gani, mama?" Aliga aliuliza. "Sisi ni wawili."

"Anasema jina yake Ondoga."

Aliga aligeuka polepole kumtazama shemeji yake. Ondoga alikuwa amesimama kwenye jua, midomo imefungwa, uso umemwishia damu. Na kutoka jikoni, nzito na tulivu, ikaja sauti ambayo Drateru alikuwa ameililia kwa miezi minne.

"Ingia, shemeji."

Ondoga alimvuta Aliga nyuma kwa nguvu zote, kisha akamrukia mama yule, akafungua kinywa kupiga kelele. Mama Jale alirudi nyuma kwa mshangao, kikombe cha maji mkononi. Alikuwa amekwisha kunywa nusu.