37 ya Uongo

Kila asubui, mbele ya kuingia mu masomo, batoto banapanga mulolongo ku mulango. Mutoto ananawa mikono ku bidon ya maji ya javel, dawa ya kuua mikrobe, kisha anainua kichwa, na mutu wa club informatique, kikundi cha kompyuta, anamupima joto ku uso na thermoflash. Ile namba inaandikwa mu ordinateur. Kama joto haifike 38, ecran inakuwa kijani, na Papa Lusenge, mulinzi, anafungua. Kama inafika ao inapita, ecran inakuwa nyekundu, na mutoto anapelekwa kwa munganga. Hapa Butembo, tangu ile homa ya kuambukiza iue batu bengi, hakuna mutu anacheza na joto ya mwili.

Ile programu ilitungwa na Éphraïm, mukubwa wa club, kijana wa mudomo mwepesi. Mwenye kupima na kuandika alikuwa Agar. Agar alitoka Beni, mu kartie ya Beu, mwaka jana, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. Benzake balimupa jina: Radio Bila Piles, redio yenye haina betri.

Siku ya ine ya juma, Agar alimupima Falonne, katoto ka mwaka wa kwanza. Thermoflash ikaonyesha 39,2. Akaiandika. Ecran ikawa kijani: «37. Muzima. Aingie.»

Papa Lusenge akafungua.

«Papa, musimuache apite! Ana joto mingi!»

«Mashini inasema iko muzima, mwanangu. Mimi ninafuata mashini.»

Agar akakimbia, akamushika Falonne mukono, akamupeleka mwenyewe kwa munganga. Ilikuwa malaria, na katoto kalikuwa kanatetemeka.

Saa ya mapumziko, Agar akamufuata Éphraïm mu chumba cha club.

«Uligusa nini mu programu?»

«Niliitengeneza jana. Ilikuwa inakwama kila saa.»

Agar akafungua programu na kuisoma. Mule ndani, kila mutoto ana fishi yake: jina ni maneno, joto ni namba. Lakini vyote vyenye unaandika ku clavier vinaingia kwanza kama maneno, hata ukiandika namba. Lazima programu igeuze yale maneno kuwa namba, ndipo iweze kujua kama joto inafika 38. Na ile programu ilijua nukta tu, 39.2. Mu masomo yetu tunafundishwa kuandika virgule, 39,2. Ikikuta virgule, inashindwa kugeuza, inasimama. Juu ya kuizuia isisimame, Éphraïm aliongeza mistari mbili: ukishindwa kugeuza, weka 37.

«Toa hii, Éphraïm.»

«Mais, bazazi banakuja kesho kuangalia kazi yetu! Unataka isimame mbele ya batu?»

«Isimame.»

«Eh! Radio imepata piles!» Benzake ba club bakacheka. «Ukisema kitu kesho, unatoka mu club. Unasikia?»

«Ninasikia,» Agar akajibu. «Nitasema.»

Kesho yake salle ilijaa. Éphraïm akajipima, akaandika 36.4 na nukta, akijua vizuri juu ya nini. Kijani. Bazazi bakapiga mikono. Agar akasimama.

«Unataka nini, Agar?» akauliza Prof Berthe, mwenye kuongoza club.

«Niandike mutu mumoja, Prof.»

«Ni wivu tu, Prof! Mumuache akae!» Éphraïm akasema.

Agar hakukaa. Akaenda mbele, na pahali pa joto akaandika: MBUZI.

Ecran ikawa kijani. «37. Muzima. Aingie.»

Kisha papa mumoja wa nyuma akapaaza: «Basi mbuzi yangu nayo ipewe bulletin ya masomo!» Salle nzima ikacheka.

Agar hakucheka. «Jana Falonne alikuwa na 39,2, na mashini ikamuita muzima. Kwetu Beu niliona batu banaficha joto, na niliona namna ilimalizika. Mimi sitaandika tena 37 ya uongo. Kama munataka kunifukuza, munifukuze.»

Prof Berthe akageukia batoto ba club. «Nani aliweka ile 37?»

Éphraïm akasimama. «Ni mimi, Prof.»

«Vizuri, umesema. Kamata kiti. Agar, nawe. Mutengeneze hapa, bazazi banaangalia.»

Balifanya kazi pembeni-pembeni, bila kuangaliana. Kwanza, virgule igeuzwe kuwa nukta. Kisha maneno yageuzwe kuwa namba. Ikishindikana, ecran iwe nyekundu na kusema: «Sikuweza kusoma. Pima tena.» Agar akaandika 39,2. Nyekundu: «Kwa munganga.»

Prof Berthe akasimama katikati yabo.

«Batoto, mashini kusema haijui, ile hapana jambo ya kuona haya. Jambo ya kuona haya ni kuficha kosa juu batu bapige mikono, na mugonjwa anapita ku mulango. Éphraïm, uliogopa kupata haya siku moja, na Falonne angeweza kupoteza maisha. Na ninyi mulimucheka Agar juu ya sauti yake: leo ni sauti yake ilichunga batoto bote ba masomo. Hakuna mutu anatoka mu club. Mais kuanzia siku ya kwanza ya juma yenye kuja, hakuna mustari unaingia mu ile programu kama Agar hajausoma.»

«Na mutu mwingine asome mistari yangu,» Agar akasema, na safari hii hata bale ba nyuma balimusikia.