Nyambizi Iliyorudi Kutoka Mtera

Haya yalimkuta rafiki yangu Sila, fundi wa Kizota, aliyeunda nyambizi ndogo ya rimoti kwa bomba la plastiki. Alipoifikisha bwawani Mtera kuijaribu, Mzee Abeli, mvuvi wa pale, alimwambia, "Mwanangu, hapa hatutumbukizi kitu kabla ya kupiga hodi."

"Wewe nimekuamkia, mzee. Maji siyapigii hodi."

Nyambizi ikazama, ikakataa kutii rimoti. Jioni ikaibuka yenyewe, ikaelea hadi miguuni pake.

"Si unaona?" Sila akamwambia mzee.

Karakanani alikuta umeme umekatika. Akapapasa gizani, akafungua skrubu zote, lakini mfuniko ukagoma. Akaugonga kwa mpini wa bisibisi, ngo, ngo, ngo.

Ndani ya bomba sauti ya bibi kizee ikaitika taratibu, "Karibu."