Marekani Chini ya Boriti

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tarehe 24 Desemba 1946, Sista Agata alifungua ghala la misheni pale Nyamisati, akakuta robota la marekani, ile nguo nyeupe ya pamba, halipo.

Mchele ulikuwepo. Sukari ilikuwepo. Hata madebe ya mafuta ya taa hayakuguswa. Nyuma ya ghala ukuta wa makuti ulikuwa umekatwa tundu, na mvua ya usiku ilikuwa imelowesha sakafu.

Robota lile lilikuwa zawadi ya Bwana Abdala, mwenye duka kubwa kuliko yote pale bandarini. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini nguo ilikuwa bado adimu, na watoto wa delta walikuwa wanazaliwa na kufunikwa viraka. Abdala, Mwislamu wa kuswali, alisimama mbele ya watu akaahidi robota zima kwa akina mama waliojifungua katika zahanati ya misheni, wagawiwe Krismasi. Akina mama walimpigia vigelegele. Robota likaletwa limeshonwa ndani ya gunia, Sista akalichora msalaba wa rangi ya bluu, ikaamuliwa lisifunguliwe mpaka siku yenyewe.

Sajini Kibwana wa kituo cha Kibiti, aliyekuwa doria kijiji cha jirani, alifika kwa baiskeli saa tatu, pamoja na Konstebo Shaabani. Alianza na mlinzi.

"Mzee Huseni, ulilala?"

"Nilifumba macho tu, afande. Mvua ilikuwa kubwa."

"Nyinyi Wamatumbi mkifumba macho, hata tembo akipiga hodi hamwitikii."

"Na nyinyi Wandengereko mngemkaribisha ndani mumpikie," Huseni alimrudishia utani.

Sajini aliinama kwenye tundu. Kisha akamwambia Huseni asukume gunia la mchele lipite pale. Gunia lilikwama. Wakalisukuma wawili, makuti yakaanza kupasuka.

"Robota lilikuwa nene kuliko gunia hili?"

"Nene zaidi," alisema Sista.

Sajini aliokota nyuzi chache za makumbi ya nazi zilizonasa kwenye ukingo wa tundu, akazifunga ndani ya leso yake.

Hapo makelele yakasikika kutoka gatini. Bwana Abdala alikuwa anakuja mbio, kanzu kaikusanya mkononi.

"Nimempata mwizi! Nimekwenda kununua boriti kwa Mtoro, nikaona kitu cheupe kinachungulia. Njooni mwone!"

Mtoro, mkata mikoko kijana kutoka visiwani, alikuwa ameshikwa na watu wawili kando ya mtumbwi wake mkubwa. Chini ya boriti, upande wa nyuma kwenye tezi, kulikuwa na majora mawili ya marekani.

"Sijui yametoka wapi," Mtoro alisema. "Wallahi sijui."

"Jana ulikuja kuomba nguo kwa Sista," Abdala alisema. "Sista, si kweli?"

Sista Agata alitazama chini. "Ni kweli. Mkewe kajifungua juzi. Nilimwambia asubiri Krismasi, ili wote wapate pamoja."

"Akashindwa kusubiri," mtu mmoja alisema. Wengine wakaguna. Mwizi wa sadaka hana mtetezi.

Mwantum, mke wa Mtoro, alikuwa ametoka zahanatini akijikokota, mtoto kamfunika kipande cha shuka kuukuu.

"Afande, mume wangu akienda gerezani, nani atanirudisha kisiwani na mtoto huyu? Sina ndugu huku."

Lori la kwenda Utete, penye mahakama na gereza, lilikuwa liondoke saa tisa alasiri. Kila mtu alijua kwamba aliyepelekwa Utete kwa wizi harudi upesi.

"Boriti hizi ulizipakia lini?" Sajini aliuliza.

"Juzi jioni, afande. Bado mbichi."

"Na usiku ulilala wapi?"

"Barazani zahanatini, karibu na mke wangu. Alfajiri nimekwenda kuswali."

"Shusheni boriti."

Boriti zilishushwa moja moja. Maganda yalikuwa yanachuruzika maji mekundu. Chini kabisa Mtoro alikuwa ametandika gunia la zamani; lilikuwa limegeuka rangi ya matofali. Sajini aliyainua majora. Yalikuwa meupe. Upande mmoja tu kulikuwa na madoa machache, nayo yalikuwa bado mabichi, yakampaka kidoleni.

Akamnong'oneza Konstebo Shaabani, naye akaondoka. Kisha akawaita watu wote ghalani.

"Bwana Abdala," alisema kwa upole, "wewe ni mtu wa duka. Umewahi kupakia boriti?"

"Mimi nanunua tu."

"Basi hukujua. Mkoko mbichi unatoa maji mekundu. Nguo ikilala chini yake usiku mmoja, haifuliki ikatakata. Majora haya yangeibwa usiku na kufichwa humo, yangefanana na lile gunia. Yamewekwa leo asubuhi, Mtoro akiwa msikitini. Nani alikwenda kwenye mtumbwi asubuhi?"

Watu waligeuka wakamtazama Abdala.

"Nilikwenda kununua!" alisema. "Nijiibie zawadi yangu mwenyewe? Nina wazimu?"

"Hilo ndilo lililonisumbua. Mwizi gani anaacha sukari, wakati sukari yenyewe haipatikani? Huyu alitaka robota tu. Na tundu hili halipitishi gunia la mchele, lakini lilipitisha robota. Marekani iliyofungwa robota ni ngumu kama jiwe. Kilichopita hapa kilikuwa laini, kikabonyea, kikaacha nyuzi hizi za makumbi."

Konstebo Shaabani aliingia amebeba gunia lililogeuzwa ndani nje. Alilikuta bandani kwa Abdala. Alipoligeuza, msalaba wa bluu ulionekana, na makumbi makavu yakamwagika miguuni mwa Sista.

Abdala aliketi juu ya gunia la mchele.

"Niliahidi kwa moyo safi," alisema. "Niliagiza nguo Dar es Salaam, haikuja. Kila nilikopita watu waliniombea dua. Nikashindwa kurudisha ulimi. Nikajaza makumbi, nikisema nguo itafika, nitabadilisha. Jana ikafika, nguo haikufika, nikaja usiku kuliondoa."

"Na Mtoro?"

"Alfajiri nilijua polisi wataitwa, nikaogopa. Yale majora mawili ndiyo pekee yaliyobaki dukani."

Sajini alimgeukia Sista. "Wazazi wako wangapi?"

"Sita."

"Majora mawili yangewatosha?"

Sista aliyapima majora kwa macho. "Yangewatosha. Na yangebaki."

Abdala alifunika uso kwa viganja.

Sista alikatisha marekani palepale, hakungoja kesho. Kipande cha kwanza alimpa Mwantum. "Ningekupa jana," alisema, "tungeokoka na haya yote. Nisamehe, mwanangu."

Saa tisa lori liliwashwa, na mvua ikaanza tena. Abdala alikuwa amekaa nyuma, pasipo turubai, kando ya Konstebo Shaabani. Mtoro alikuja mbio kutoka zahanatini, akamnyooshea kipande cha marekani.

"Mke wangu kasema ujifunike."

"Mimi?"

"Sote tumepata. Hiki kimebaki."

Abdala alikipokea kwa mikono miwili. Lori lilipopotea kwenye njia ya Kibiti, alikuwa bado amekishika magotini, mvua inamnyeshea, hajajifunika.