Maalim Aliyeelekezwa Kibla

Maalim Dzombo alikutwa amelala kwa ubavu wa kulia kwenye sakafu ya ukumbi wa Mwabungo, miguu imenyooshwa, macho yamefumbwa. Utepe wa kitambaa uliochanwa kutoka kwenye kilemba chake ulipita chini ya kidevu ukafungwa utosini. Viatu vyake vilipangwa pamoja kando ya ukuta. Ungedhani mzee amejipumzisha, lau si jeraha la kisogoni na damu iliyoganda.

Sanduku la fedha alilokuwa akililinda halikuwapo.

Inspekta Mwanasha Rai alivua kofia. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema. Kisha akaivaa tena, maana machozi yana wakati wake na kazi ina wakati wake.

"Nani ameingia humu?"

"Mimi na wewe tu, afande," alijibu Konstebo Gilbert, kijana wa Kakamega aliyehamishiwa pwani majuzi. "Na huyo karani aliyekuja kuripoti. Nilifunga mlango saa hiyohiyo. Public wote wako nje, na wamekasirika si mchezo."

"Daktari akishaingia, asiingie mwingine. Na ulivyomwona maalim alivyolala, usimsimulie mtu yeyote. Hata mkeo."

"Sina mke, afande."

"Basi hata huyo unayemtaka."

Fedha zile zilikuwa na visa vyake. Mwaka uliotangulia ghasia za kuwatimua watu wa bara zilikuwa zimewafukuza watalii, mahoteli yakafunga milango na wafanyakazi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kabla watu hawajapumua, ikaja mvua ile kubwa, ikazoa mashamba na kubomoa nyumba. Basi mwaka huu wa tisini na nane serikali ikaahidi kila kaya fedha za kujiinua. Ahadi ilipokelewa kwa vigelegele. Shilingi ya kwanza haijafika mkononi mwa mtu, wakubwa walikuwa wameshashikana mashati.

Mbunge alisema: alipwe kila mkazi, wa pwani na wa bara, kwa kuwa mafuriko hayakuuliza mtu kabila. Diwani Mapenzi alisema: wenyeji kwanza, wabara wakalipwe kwao. Siku ya malipo walitukanana ukumbini tangu asubuhi mpaka jua likazama, na watu waliopanga foleni wakarudi makwao na njaa yao. Hata nani alilinde sanduku usiku ule, hawakuelewana. Polisi walikataliwa na wote wawili, kila mmoja akidai wako upande wa mwenzake. Mtu pekee ambaye hakuna aliyethubutu kumtilia shaka alikuwa Maalim Dzombo, aliyewasomesha Kurani nusu ya watu wa mji ule. Akakabidhiwa sanduku. Ufunguo wa mlango wa mbele akapewa karani wa malipo, Jethro, mtu wa Kisii aliyeishi Mwabungo miaka mingi.

Na sasa nje ya ukumbi umati ulikuwa umeshatoa hukumu.

"Mbara ameua! Mbara ameiba!"

Sauti iliyozishinda zote ilikuwa ya Abdurahman, kiongozi wa vijana na mpwa wa diwani. "Tukishamzika maalim wetu baada ya alasiri," alipaza, "tutakwenda vyumbani mwao, na asiwepo wa kutuzuia!"

Mwanasha aliyasikia maneno hayo. Ghasia za mwaka jana alikuwa ameziona kwa macho yake. Alijua kwamba asipompata muuaji kabla ya alasiri, maiti haingekuwa moja.

Daktari alifika kutoka Msambweni, akapiga magoti na kuchunguza.

"Alisukumwa," alisema. "Kisogo kiligonga ukingo wa ngazi ya saruji pale mlango wa nyuma. Damu ya kwanza iko hapo. Hakukawia kufa."

"Aliburutwa hadi hapa?"

"Hapana. Hana mchubuko, na kanzu haikuchafuka. Alibebwa."

"Na hicho kitambaa cha kidevuni?"

Daktari aligusa taya la marehemu. "Kilifungwa mara tu alipofariki, mwili haujakakamaa. Aliyekifunga alikuwapo wakati mzee anakata roho, au muda mfupi baadaye. Hakuja asubuhi."

Jethro alikuwa ameketishwa kwenye kiti nyuma ya ukumbi, mkono wa shati lake una damu. Alipomwona inspekta alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti. Ulifika hapa saa ngapi?"

"Kumi na mbili, kulipokucha. Nilimletea kahawa."

"Uliona nini?"

"Mlango wa nyuma wazi. Mzee chini. Nikamshika bega nimwamshe, akawa baridi. Ndipo damu ikanishika hapa. Nikakimbia kituoni."

"Kwa nini hukuwaita majirani?"

Jethro alicheka kicheko kisicho na furaha. "Mama, mimi ni mbara na mzee wao amekufa mbele yangu. Ningemwita nani?"

"Ulikiona kile kitambaa cha kichwani?"

"Nilikiona. Nilidhani alikuwa ameumwa na jino usiku. Nikasikitika kwamba jana hakuniambia. Ningemtafutia dawa."

Hapo ndipo moyo wa Mwanasha ulipotulia juu ya mtu huyu. Jethro hakujua kwamba kwa Waislamu maiti hufumbwa macho na kufungwa kidevu ili mdomo usibaki wazi, na kwamba hunyooshwa viungo na kuelekezwa kibla. Aliyefanya hayo aliyafanya gizani, bila kubahatisha, kwa mikono iliyokwisha kuyafanya kabla. Mwizi wa kawaida angechukua sanduku akakimbia. Huyu aliua, kisha akabaki kumtengeneza mzee wake.

Inspekta Mwanasha alikuwa Mdigo, mzaliwa wa Gazi hukohuko pwani, na hakulificha hilo popote. Kwenye chuo cha polisi cha Kiganjo wenzake walimcheka kwa Kiswahili chake kirefu na salamu zake zisizokwisha. Aliwaacha wacheke. Alijivunia watu wake kwa mambo mengi, na la kwanza ni hili la kumheshimu maiti, awe tajiri au fukara. Asubuhi hiyo fahari yake ilichanganyika na uchungu. Heshima ileile ilikuwa imemwambia kwamba muuaji ni wa nyumbani.

Alitoka nje hadi barazani. Mjane, Bi Maimuna, alikuwa ameketi kati ya wanawake, leso imefunika nusu ya uso.

"Pole, mama. Mungu akupe subira."

"Amin, mwanangu. Lini mtanipa mume wangu tumsitiri?"

"Kabla ya alasiri utakuwa naye. Niambie, nani wamekuja kuuliza habari zake?"

"Nani hakuja! Wanafunzi wake wote. Wazee wazima wanalia kama watoto, kila mmoja anataka aingie amwone."

"Wote?"

Bi Maimuna alifikiri. "Wote isipokuwa Abdurahman. Nami limenishangaza. Maalim alimpenda kuliko wengine. Huyo ndiye aliyekuwa akifuatana naye kuosha maiti za mji huu. Leo anapiga kelele tu huko njiani, hajanipa hata mkono."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwenye hatia huwa fupi zaidi. Mwanasha akamwagiza Gilbert amwite Abdurahman kwa adabu, kama mjumbe wa vijana, aje kituoni apate maelezo rasmi.

Abdurahman aliingia kituoni kifua mbele. Alikuwa kijana mzuri wa sura, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mmemshitaki yule mbara?"

"Kwanza salamu, ndugu yangu."

Kijana aliona haya kidogo. "Assalamu alaykum."

"Waalaykumu ssalaam. Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwa mjomba, Diwani Mapenzi. Yeye ni shahidi."

"Vyema. Nimekuita ili uwaeleze wenzako alivyokutwa maalim, wasije wakasikia uvumi." Mwanasha aliomba msamaha moyoni kabla ya kuusema uongo ule. "Tumemkuta vibaya. Kifudifudi kwenye matope, kanzu imempanda kiunoni. Mdomo wazi, nzi wameujaa. Ametupwa kama mzoga."

Abdurahman aliruka kutoka kitini. "Uongo huo!"

"Nimemwona kwa macho yangu."

"Uongo! Maalim hawezi kuwa hivyo! Nani amemgeuza? Nani amemfungua kidevu? Mimi sikumwacha..."

Gilbert, aliyekuwa mlangoni, akaufunga mlango.

"Hukumwacha vipi, Abdurahman?"

Kijana alikaa polepole, akafunika uso kwa viganja.

"Yuko salama," Mwanasha akamwambia kwa upole. "Yuko kama ulivyomlaza, anaelekea kibla, na hakuna aliyemgusa vibaya. Sasa niambie ilikuwaje."

Abdurahman aliondoa viganja usoni.

"Mjomba alisema tulichukue sanduku usiku mmoja tu. Nilitie chumbani kwa Jethro, kisha asubuhi vijana walikute humo. Wabara wangeonekana wezi, majina yao yafutwe, na serikali impe yeye mjomba fedha agawe. Watu wangejua kwamba aliyewalisha ni yeye, si mbunge."

"Nawe ukakubali."

"Ni mjomba, inspekta. Wewe ni Mdigo, unajua uzito wa mjomba kwetu. Amenilea, ameniahidi shamba na mahari. Akinituma nitasema siendi?" Alipangusa pua. "Tena niliona ni haki. Mimi nimefukuzwa hotelini, nyumba ya mama imekwenda na maji. Nikasema, kwa nini mgeni apewe sawa na mimi?"

"Na maalim?"

"Niliingia kwa ufunguo wa mlango wa nyuma alionipa mjomba, nikidhani amelala. Nilipofika mlango wa nyuma na sanduku, akanishika kanzu. Akaniita kwa jina, kulekule gizani. Akasema, 'Abdurahman, rudisha, mimi sitamwambia mtu.' Nilimsukuma nipite tu. Wallahi nipite tu. Nikasikia kichwa kikigonga. Nikakaa naye mpaka roho ikatoka. Nikamsomea. Nikamlaza kama alivyonifundisha kuwalaza wengine. Baada ya hapo sikuweza tena kwenda kwa Jethro. Nilirudi kwa mjomba, akaliweka sanduku kwenye banda lake la mbata, mle anamokaushia nazi."

"Na alikwambia nini kuhusu maalim?"

"Alisema, 'Sasa ndiyo vizuri zaidi. Wabara wana damu juu yao.'"

Mwanasha alihisi hasira ikimpanda hadi masikioni. Akayaandika maneno hayo kama yalivyosemwa.

"Inspekta," Abdurahman alinong'ona, "niruhusu nikamwoshe. Hakuna anayejua kumwosha kama mimi."

"La. Watamwosha wengine. Wewe utaandikisha maelezo yako."

Kilio alichokitoa kijana yule Gilbert hakukisahau kwa muda mrefu.

Sanduku lilikutwa chini ya magunia ya mbata, makufuli yake mazima. Diwani Mapenzi mwenyewe alikutwa mbele ya ukumbi, amepanda nyuma ya pikapu, akiwahutubia watu juu ya damu ya mzee wao. Mwanasha alipenya katikati ya umati akasimama chini yake.

"Shuka, diwani."

"Huoni nazungumza na wananchi?"

"Waambie basi na sanduku lao lilivyofika kwenye banda lako. Na mpwa wako amekwisha kutueleza ni nani aliyemtuma."

Mapenzi alitazama kushoto na kulia akitafuta wa kumtetea, asimwone. Alishuka mwenyewe, akavishwa pingu mbele ya wapiga kura wake. Hakuna aliyempiga wala kumtemea mate. Watu walimpisha njia kwa ukimya, na ukimya ule ulimuuma kuliko ngumi.

Alasiri ilipokwisha kuswaliwa, jeneza likatolewa nyumbani kwa maalim. Jethro alisimama mbali, kando ya ua, kofia kifuani, asijue kama anatakiwa au hatakiwi. Bi Maimuna akamwona kutoka barazani.

"Wewe, mwanangu! Mbona umesimama huko?"

"Mama, mimi si wa dini yenu."

"Nimekuuliza dini?" Mjane aliinua sauti, vijana wote wakamsikia, hata wale waliopiga kelele asubuhi. "Mume wangu alikunywa kahawa yako kila alfajiri. Nenda ukashike jeneza. Nyie, mpisheni!"

Wakampisha. Aliyekuwa mbele, mmoja wa wale waliotaka kuvunja vyumba vya wabara, alimsogezea bega akamwonyesha pa kushika. Jeneza likaenda, likipokewa bega kwa bega, la mwenyeji na la mgeni.

Mwanasha alibaki na wanawake wenzake, maana makaburini huenda wanaume. Aliwatazama watu wake wakipita na kifua kikamjaa fahari isiyo na mfano. Kisha akaketi chini kwenye mkeka kando ya Bi Maimuna, akamshika mkono, wakalia pamoja.