Mvumo wa Siku ya Ijumaa

Kila alasiri, kengele ya mwisho ikishalia, Dama na rafikiye Mutanu walifagia darasa lao la Gredi ya Sita katika shule ya mtaa wa Tudor. Kisha mmoja wao, kwa zamu, aliingia stoo kuwasha televisheni kuukuu ya chogo, zile nene za mgongo mkubwa, ambayo Mwalimu Abdulghafur aliinunua madukani Ndia Kuu. Haikushika kituo chochote. Ilionyesha chenga tu, ikivuma shhhhh bila kukoma.

"Sehemu ndogo sana ya mvumo huo," mwalimu aliwaambia, "ni mabaki ya mwanga wa ulimwengu ulipokuwa mchanga, karibu miaka bilioni kumi na nne iliyopita. Hadi leo unatufikia kutoka kila upande. Sikilizeni, muandike daftarini mnachosikia kila siku." Daftari hilo ndilo lingewapeleka kwenye maonyesho ya sayansi.

Watu husema watoto wa siku hizi hawaogopi kitu. Waongo hao! Jumatano Dama alikaa peke yake mbele ya kile kioo, na mwili ukamsisimka. Kitu kilichokuwapo kabla ya jua, kabla ya dunia, kikimvumia masikioni! Alihisi kama kinapumua. Alitimua mbio hadi langoni. Zamu yake ya Ijumaa hakukanyaga stoo kabisa, alikwenda nyumbani akaandika: "Ijumaa. Mvumo ulisikika wazi, saa kumi hadi saa kumi na nusu."

Jumatatu mwalimu alilisoma daftari mbele ya darasa. Akarudia mstari wa Ijumaa.

"Dama, Ijumaa stima ilikatika hapa shuleni, tangu saa tisa hadi magharibi. Ulisikia nini?"

"Ati ilivuma bila stima?" Baya alinong'ona kutoka nyuma. Dama akainama kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.

Kufikia mapumziko, shule nzima ilikuwa na habari ya televisheni inayovuma yenyewe. Watoto wadogo walizunguka mbali wasipite karibu na stoo. Kesho yake Mutanu alikuja macho yamemvimba.

"Sikulala," alisema. "Mvumo ule nausikia hata nyumbani. Siingii tena mle, na maonyesho basi."

Dama aliona aibu. Akaenda moja kwa moja kwa mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu. Ijumaa sikusikia kitu. Niliogopa, nikaandika uongo."

"Marahaba. Basi waambie na wenzako."

Aliwaambia mbele ya darasa. "Ungesema waogopa, tungekaa pamoja," Mutanu alisema.

"Kuogopa si kosa," mwalimu akasema. "Zamani watafiti wawili waliusikia mvumo huu kwenye mtambo wao wa kunasia mawimbi. Uliwakera. Walisafisha hata mavi ya njiwa yaliyokuwa ndani ya mtambo, usiondoke. Wangeweza kuufuta kwenye daftari lao, lakini waliuandika vilevile ulivyo. Ndipo watu wakajua ulimwengu una mwanzo."

Dama alikata mstari wa Ijumaa, akaandika: "Sikuwapo." Mwalimu alisema atalipeleka daftari kwenye maonyesho hivyo hivyo. Siku hiyo saa kumi wasichana hao wawili waliingia stoo pamoja, wameshikana mikono, mwalimu nyuma yao.

"Mwalimu, mvumo huu utadumu mpaka lini?" Mutanu aliuliza.

"Ulimwengu unazidi kutanuka, nao mvumo unazidi kufifia. Baada ya miaka isiyohesabika hautasikika tena popote. Atakayetaka kujua mwanzo wa ulimwengu atabaki na maandishi tu," mwalimu alijibu. Akamgeukia Dama. "Ukimwandikia mtu huyo uongo, mwanangu, hatakuwa na pengine pa kuuliza."