Anwani Mia Mbili za Kitabu cha Vipimo

Kila alasiri akitoka shule, Chapuchapu alipitia kwa shangazi yake, fundi cherehani, akaokota pini sakafuni kwa sumaku na kufagia vipande vya nyuzi. Jina hilo walimpa nyumbani, maana hata uji aliunywa ungali wa moto.

Shangazi alitaka kuwaandikia wateja baruapepe kila mwezi, kuwaeleza mitindo mipya. Aliweka daftari mezani: anayependa aandike anwani mwenyewe na kutia sahihi. Wiki nzima walijiandikisha kumi na mmoja tu. Chapuchapu akaona aibu. Mbona kitabu cha vipimo kilikuwa na anwani mia mbili, zilizoachwa ili mwenye nguo aarifiwe ikiwa tayari? Shangazi alipotoka kununua bitana, akazinakili zote kwenye kompyuta, akatuma: “Tumekukumbuka! Njoo upimwe gauni jipya.” Siku hiyo alifagia huku akiimba.

Kesho yake akaingia mkunga mstaafu, mteja wa miaka mingi, simu mkononi. Hakuketi. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba dada yake alifariki gauni lake likiwa bado halijamaliziwa pindo, na baruapepe za marehemu sasa anazisoma yeye. Jana ujumbe wa kumwita marehemu uliingia wakiwa mezani, akausoma kwa sauti. Mama yao mzee alipousikia, akasukuma sahani, hakula tena.

“Fundi, tufute kitabuni mwako,” akasema. “Mimi na marehemu. Nitatafuta pengine pa kushonea.”

Shangazi hakuelewa, mpaka Chapuchapu alipokiri.

“Kinyaa gani hiki,” shangazi akasema, akiweka mkasi chini. “Mtu kakufungulia mlango umpe nguo yake, wewe umepita hadi chumbani kumpekulia kabati.”

Chapuchapu alihisi kama amemeza nzi. Alivitazama vidole vyake, akatamani kuvisugua kwa majivu. Akasema atawatumia wote ujumbe wa kuomba radhi, sasa hivi.

“Uwapigie hodi mara ya pili, na ya kwanza hawakukuita?” shangazi akauliza.

Basi akaketi, akafuta anwani moja moja, mkunga amesimama nyuma yake. Alipofika kwa marehemu, akamgeukia mkunga.

“Nisamehe, bibi. Sikufikiria kama nyuma ya anwani kuna watu.”

Mkunga akamwomba fundi ukurasa wa vipimo vya dada yake, akaukunja polepole, akautia mkobani. Vyake mwenyewe akaviacha vibaki.

“Mjukuu wangu,” akasema, “anwani ya mtu ni amana. Amekupa kwa kazi moja. Ukitaka kuitumia kwa nyingine, muulize. Akikataa, yameisha. Akikubali leo na kesho akachoka, mwache aende. Wale kumi na mmoja waliokuita watakusoma. Hao wengine, mjukuu wangu, watakutema.”